Ramani ya Tarehe Nane

Mvua ya mwezi wa Hamle ilikuwa inaipiga Addis Ababa bila huruma, na duka la kuchapisha ramani pale Arat Kilo lilikuwa limejaa pomoni. Zabuni tatu zilikuwa zinafungwa saa nane mchana. Kila msanifu na kila mhandisi aliyechelewa alikuwa humo, flashi mkononi, akigombania mashine mbili kubwa zilizokuwa zikikoroma kama wagonjwa wa pumu.

Tsigereda alikuwa wa sita kwenye foleni. Alikuwa ametoka saiti moja kwa moja, gambuti zina tope mpaka magotini, koti la mvua la njano, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mhandisi wa miundo, na macho yake hayakujua kupita kwenye ramani ya mtu bila kuisoma. Mbele yake kijana mrefu mwenye koti la kahawia alikuwa anaipokea karatasi yake kutoka kwenye mashine, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto.

"Samahani, kaka. Ngazi hii umeichora wewe?"

"Mimi. Kuna nini, dada?"

"Mtu akifika kidato cha tisa anagonga kichwa kwenye boriti."

Kijana akacheka kwa dharau. "Wewe ni nani, msemaji wa boriti?"

"Mimi ndiye ninayezipigia hesabu. Na kwa urefu wako huo, wewe utakuwa wa kwanza kushonwa nyuzi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akatoa rula, akapima. Akapima tena. Kicheko chake kikakauka mdomoni.

"Mungu wangu! Zimebaki dakika arobaini."

"Leta kompyuta. Sogeza hilo tundu la ngazi nusu mita huku. Siyo huko, huku! Una mkono mzito kweli."

Walirekebisha wakiwa wamechutama sakafuni, mabega yakigusana, maji ya koti lake yakimdondokea kijana kwenye suruali. Kazi ilipokwisha nafasi ya Tsigereda kwenye foleni ilikuwa imeshachukuliwa. Kijana akasimama juu ya kiti akawaomba watu wote wampishe dada huyu, na wakampisha.

"Unaitwa nani?" alimuuliza mlangoni.

"Ya nini?"

"Nijue nani wa kumwombea kanisani."

"Tsigereda."

"Jina lenyewe lina maana ya waridi!" Akatazama miguuni pake. "Sikujua mawaridi siku hizi huvaa gambuti."

Huyo alikuwa Eskinder, msanifu majengo, aliyesoma Ujerumani miaka minane na kurudi nyumbani na tabia ya kufika mapema kila mahali. Wiki ile alimpigia simu mara nne kumuuliza mambo ya boriti ambayo alikuwa anayajua vizuri.

"Hivi wewe huna mhandisi ofisini kwenu?" Tsigereda alimuuliza mara ya nne.

"Yupo. Ila sauti yake inafanana na mashine ya kuchanganya zege."

"Na yangu?"

"Yako nikiisikia nasahau nilichotaka kuuliza, Tsigeye."

Baada ya mwaka, Ato Mezgebu, mwenye ofisi aliyokuwamo Eskinder, alimwajiri Tsigereda. Watu kumi na mmoja walifanya kazi chini ya mzee huyo katika ghorofa ya tatu huko Kazanchis, na wote walijua kwa nini Eskinder alikuwa ameacha kutoka kwenda kunywa kahawa peke yake. Alimvisha pete. Harusi ikapangwa baada ya Fasika, yaani Pasaka.

Kisha mwezi wa Tahsas, huko Bishoftu, mafundi walitoa mbao zilizokuwa zimelishikilia zege la ghorofa ya kwanza ya wodi ya wazazi, na zege likalia. Ufa ukakimbia kutoka nguzo hadi nguzo. Waliokuwa chini walipiga kelele wakatawanyika, lakini fundi mmoja wa makamo, mzee Tolosa, aliangukiwa na kipande, akavunjika nyonga.

Nondo zilizowekwa zilikuwa pungufu. Wakati hesabu zilikwisha kubadilishwa! Tsigereda mwenyewe ndiye aliyeziongeza, akachora upya. Saiti walikuwa wamejenga kwa ramani ya zamani, na aliyeipeleka saiti ni Eskinder.

"Nilikupigia simu nikakwambia nimeweka mpya kwenye folda!" Tsigereda alilia mbele ya ofisi nzima.

"Na mimi nilichukua iliyo mpya kuliko zote!"

"Mwongo! Ulichukua ya zamani kwa sababu hukufungua hata kuitazama. Mtu amelala hospitali kwa uzembe wako, Eskinder!"

Ofisi ile haikuwa na daftari la kuonyesha nani kapitisha nini. Kulikuwa na folda yenye mafaili mia nne, simu zilizojaa ujumbe, na kumbukumbu za watu. Eskinder aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akaona wote wameinamisha macho. Akaandika barua ya kukubali kosa. Bodi ya leseni ikamfungia miaka miwili. Tsigereda akaivua pete, akaiweka juu ya meza ya kuchorea, na kutoka siku hiyo simu ya Eskinder ikawa imezimwa.

Msiba haukuishia hapo. Wateja wawili waliobaki walitoa sharti: ndani ya siku thelathini ofisi iwe na mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kazi zake zote, unaoonyesha ramani ipi ni ya mwisho, nani ameipitisha, na kila mtu alifanya nini kwa saa zake. La sivyo, wanaondoka.

Ato Mezgebu alimwita Tsigereda. Mzee alikuwa amekonda hata kola ya shati ilimzunguka shingoni kama kikapu.

"Binti yangu, ofisi hii niliijenga kwa rula na wino. Mambo haya siyajui. Chagua wewe. Ukikosea, tunafunga."

Tsigereda akachagua kama mtu anayezama anavyochagua kamba. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alikonda, nywele hakuzisuka, akawa analia chooni kisha ananawa uso na kurudi mezani. Walipatikana wauzaji watatu, naye akawapa mtihani mmoja tu. Aliwapa folda nzima ya wodi ya Bishoftu, pamoja na ujumbe wote wa simu, akasema: "Ingizeni hii. Kisha nionyesheni ramani ya mwisho ya zege la ghorofa ya kwanza."

Wa kwanza alikuwa mzungu, akizungumza kwenye skrini kutoka ng'ambo. Mfumo wake ulikuwa mzuri kama bibi harusi: rangi, michoro, saa za kila mfanyakazi zikijijaza zenyewe. Mtandao ulikatika mara tatu, na kila ulipokatika bibi harusi aligoma. Aliporudi, alionyesha ramani ya mwisho: ile ile ya zege lililopasuka. Tsigereda akafunga kompyuta.

Wa pili aliuza programu iliyotengenezwa kwa maduka ya saruji. Haikuwa na mahali pa kuweka ramani kabisa. "Tutaziandika kama bidhaa," alisema, na Tsigereda akamwonyesha mlango.

Zikabaki siku nne. Wa tatu alikuwa mwanamke wa mjini hapo hapo, Fikirte, aliyeandika mfumo wake mwenyewe katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa. Alikuja na kompyuta iliyofungwa kwa utepe wa gundi pembeni. Mfumo wake ulikuwa na rangi ya dawa ya kikohozi. Tsigereda alipouona alikata tamaa moja kwa moja.

Fikirte aliingiza mafaili kimya, kisha akasimama. "Dada, kabla sijaendelea. Hii ramani iliyoandikwa 8-3, ni tarehe ya kalenda yetu au ya Wazungu?"

"Nini?"

"Mfumo wangu haukubali tarehe mpaka useme ni kalenda ipi. Wahandisi wetu wananichukia kwa hilo. Hii ya 9-11 najua ni ya Wazungu, maana kwetu hiyo ni Hamle tisa, katikati ya mvua, na wakati huo nondo zilikuwa hazijanunuliwa. Ni Novemba tisa. Lakini hii 8-3?"

Tsigereda akainamia skrini. "Hiyo ni yangu. Ni ya kwetu. Hidar nane."

"Mwezi wetu wa tatu. Basi kwa Wazungu hiyo ni Novemba kumi na nane." Fikirte akabonyeza. "Hii ndiyo mpya, kwa siku tisa. Ila mtu aliyezoea tarehe za Wazungu akiiona 8-3 ataisoma Machi nane. Ataiona kuukuu, ataiacha, atachukua ya 9-11. Dada? Dada, unaumwa?"

Tsigereda alikuwa amekaa sakafuni. Miaka minane ya Ujerumani. Eskinder aliandika tarehe zote kwa kalenda ya huko, hata kwenye kadi za siku ya kuzaliwa, naye Tsigereda aliandika ya nyumbani, na kwa haraka hakuna aliyeandika mwaka. Eskinder aliifungua ile folda kweli. Alichukua iliyo mpya kuliko zote, kwa macho yake.

Na yeye alimwita mwongo mbele ya watu.

Alipiga simu: imezimwa. Akapiga tena na tena mpaka kidole kikauma. Mwisho, kwa kukosa pa kwenda, alimpigia mke wa mzee Tolosa kumwulizia mgonjwa.

"Anaendelea, mwanangu. Si mwenzako yuko hapa? Kila siku anambeba mgongoni kumpeleka kwenye mazoezi. Sasa hivi yuko saiti, anasaidia kubomoa."

Kesho yake saa tano asubuhi Tsigereda alikuwa Bishoftu. Zege lilikuwa linavunjwa kwa nyundo. Katikati ya vumbi jeupe alimwona Eskinder, shati limechanika bega, ndevu zimeota ovyo, akipiga nyundo kama mtu aliyehukumiwa.

"Eskuye."

Aligeuka. Uso wake haukubadilika. "Umekuja kuhesabu nondo?"

Alimpa karatasi aliyochapiwa na Fikirte, yenye tarehe zote mbili kwa kalenda zote mbili. Eskinder akaisoma amesimama, akaisoma tena ameketi juu ya kifusi. Nyundo ikamtoka mkononi.

"Miezi miwili," alisema polepole. "Kila asubuhi najiuliza, hivi kweli mimi ni mtu wa kuua watu kwa uzembe? Nikaamini kuwa ndiyo. Nikaamini kwa sababu uliyesema ni wewe."

"Nisamehe. Kosa ni letu sote wawili. Kuanzia mwanzo lilikuwa letu sote wawili."

"Jibu swali moja, Tsigereda. Karatasi hii isingekuwepo, ungekuja?"

Alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa amechoka na uongo.

"Sijui," alisema.

Eskinder akatikisa kichwa, akaokota nyundo, akampa mgongo. Sauti ya chuma juu ya zege ilimsindikiza Tsigereda mpaka barabarani, na huko akalia hadharani, wapita njia wakimpisha kama wanavyompisha mfiwa.

Ato Mezgebu alipoelezwa alifunga mlango wa chumba chake. "Mfumo tumepata. Wateja watabaki. Yaliyopita yamepita, binti yangu. Ukienda bodi, watakufungia na wewe."

"Nilimnyooshea kidole mbele ya watu, baba. Nikimsafisha kwa siri, itakuwa sijamsafisha."

Kikao cha bodi kilifanyika Alhamisi. Tsigereda alivaa gauni jeupe la pamba lenye tarizi ya kijani, lile aliloshonewa kwa ajili ya kwenda kutambulishwa ukweni, kwa sababu nguo nyingine zote zilikuwa zinamvuka mabegani. Eskinder aliitwa kama shahidi. Alikaa nyuma kabisa, mkongojo wa mzee Tolosa ukiwa umeegemea kiti cha jirani, na mzee mwenyewe pembeni yake.

"Ramani ya 8-3 ni yangu," Tsigereda aliwaambia. "Sikuandika mwaka, sikuandika kalenda, sikuomba saini yake. Nilipiga simu nikadhani inatosha. Kisha nikamwita mzembe, mwongo. Alilokubali kwenye barua yake ni nusu ya kosa. Nusu nyingine nimekuja kuichukua."

Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa anachokisema. Alijibu anaelewa. Adhabu ya Eskinder ikapunguzwa ikawa mwaka mmoja. Tsigereda naye akafungiwa mwaka mmoja.

Alishuka ngazi haraka, hakutaka kuonekana. Nyuma yake akasikia hatua ndefu za Eskinder.

"Nani alikutuma?"

"Uliniuliza swali Bishoftu nikakosa jibu." Aligeuka, kope zimelowa. "Sikujua mimi ni mtu wa namna gani. Nimekuja kutazama."

Eskinder alisimama, mikono mifukoni. Magari yalipita. Mzee Tolosa alijifanya anasoma tangazo la kodi ukutani.

"Umekonda," Eskinder alisema mwisho.

"Na wewe unanuka vumbi."

"Sina kazi, Tsige. Kwa mwaka mzima sina."

"Hata mimi."

Kitu kikamtoka Eskinder kifuani, kikiwa nusu kicheko, nusu kilio. Mzee Tolosa akakohoa: "Wanangu, mimi nyonga inaniuma na njaa inaniuma. Moja kati ya hizo mnaweza kuitibu."

Waliingia kwenye mkahawa wa karibu. Kilikuwa kipindi cha mfungo, hapakuwa na nyama. Waliletewa sinia moja la injera, ule mkate mpana mlaini, juu yake mchuzi wa moto wa shiro na dengu. Mzee alikula. Wawili hao walitazamana juu ya mvuke. Kisha Tsigereda akakata kipande, akafungia shiro ndani yake, akatengeneza tonge, akaunyoosha mkono kuvuka sinia kuelekea mdomoni mwa Eskinder, kama wanavyolishana wapendanao na ndugu wa damu.

Hakufungua mdomo kulipokea.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Nyingi."

"Najua. Mkono unaniuma, Eskuye."

Mchuzi ulimtiririka kwenye vidole, ukafika kwenye kifundo, ukaanza kuingia kwenye tarizi ya kijani, naye hakuushusha mkono. Mzee Tolosa aliacha kutafuna.

Eskinder akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili iliyojaa sugu za nyundo, akafungua mdomo.