Neno Ambalo Nyaboth Hakulijua

Kila asubuhi, akipanga foleni ya maji kambini Kakuma, Nyaboth alikariri maneno ya Kiingereza. Aliyapenda marefu, yale ambayo wenzake darasani hawakuyajua.

"Ejok, profesa!" rafiki yake Awoi alimtania kwa salamu ya Kiturkana. "La leo lina maana gani?"

"Maana nitaitafuta baadaye," Nyaboth alijibu huku akicheka.

Siku moja mdogo wake Pal, aliyekuwa bado ananyonya, aliharisha na kutapika usiku kucha. Kulipokucha, mama alimbeba hadi zahanati, Nyaboth akafuatana nao. Mkalimani hakuwepo. Daktari Byron, mgeni kutoka ng'ambo, alijua Kiingereza tu, na mama alijua Kinuer tu.

"Nitatafsiri mimi," Nyaboth alisema.

Alianza vizuri. Kisha, pale mlangoni, daktari akauliza, "Is he lethargic?"

Nyaboth alikuwa amelikariri neno hilo mara nyingi, lakini maana yake hakuwahi kuitafuta. Mama alikuwa akimtazama kwa fahari. Nyaboth akaona haya kusema hajui.

"No," akajibu.

Daktari akawaelekeza wakae kwenye benchi, nyuma ya wagonjwa wengine wengi.

Walipoketi, Nyaboth alimtekenya Pal unyayoni, mchezo uliomchekesha siku zote. Pal hakusogeza hata kidole. Nyaboth aliingiwa na hofu, akainuka na kukimbia hadi kwa daktari.

"Samahani, daktari! Nilisema hapana, lakini lile neno silijui!"

Daktari alichutama mbele yake. "Ni mtoto aliyelegea," alieleza polepole kwa Kiingereza chepesi. "Hana nguvu, hachezi, ukimgusa hashtuki."

"Ndivyo alivyo!"

Papo hapo daktari alimchukua Pal na kumtundikia maji ya dripu. Jioni Pal alilia kwa sauti kubwa akitaka kunyonya, na mama akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mama, nilijifanya najua," Nyaboth alinong'ona. "Nisamehe."

Mama alimvuta karibu, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Nilikuona ukikimbia," alisema. "Ulirudi kusema ukweli, na ndiyo maana ndugu yako analia hivi. Endelea kujifunza maneno yako, mwanangu, hata yawe marefu kukushinda wewe. Ila kila unalolibeba, lijue maana yake. Na usilolijua, uliza. Kuuliza si aibu hata kidogo."