Ijumaa ya Mkuyuni

Kila asubuhi Bernadina alitoka kwao Mutuka, akakatisha mashamba ya mahindi na kufika kwenye uzio wa Shule ya Msingi Mkuyuni. Hapo miguu ilimwia mizito. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa. Mvua za mwaka uliopita zilipasua kuta za madarasa, wakaguzi wakaja, wakatikisa vichwa, na wanafunzi wote wakahamishiwa Shule ya Msingi Korongoni, katikati ya mji wa Babati, mpaka madarasa mapya yajengwe. Ujenzi ulikuwa bado uko kwenye msingi. Kwa mwendo ule watoto wa darasa la kwanza wangerudi, lakini Bernadina alikuwa darasa la saba. Yeye asingerudi tena.

"Utachelewa," mama yake alimwambia kila alipofunga mkoba. "Na leo usiende kusimama pale kwenye uzio."

"Sisimami, mama. Napita tu."

Huko kupita kwake kulikuwa ni kusimama mpaka wenzake wamwache. Alilitafuta kwa macho jiko la nyuma ya madarasa, akaikumbuka Ijumaa. Kila Ijumaa wanafunzi wa Mkuyuni walibeba kutoka nyumbani kikombe cha mahindi au cha maharage, vyote vikamiminwa kwenye sufuria moja kubwa, na saa saba mchana shule nzima ikala makande. Darasa la saba ndio waliopakua. Walianza na wadogo, wao wakala mwisho, hata kama kilichobaki ni ukoko. Tangu darasa la kwanza Bernadina alisubiri zamu yake ya kushika upawa. Zamu ilipokaribia, shule ikafungwa. Aliitamani Ijumaa ile mpaka ikamuuma.

Huko Korongoni pande mbili zilianza kwa kugombana. Waligombea madawati, wakagombea bomba la maji, wakagombea hata nani asimame mbele mstarini. Mwalimu Venance, aliyefundisha Uraia na Maadili, akachoka kuamua kesi, akawakusanya.

"Nchi yetu ni Muungano wenye serikali mbili," alisema. "Ziko nchi nyingine, kama Nigeria na Ujerumani, zinazoitwa shirikisho. Kila jimbo lina serikali yake, na kwa mambo ya wote ipo serikali ya shirikisho. Jimbo halipewi madaraka yake kama zawadi na serikali kuu. Vyote viwili vimepewa na katiba, nayo inasema lipi ni la nani. Tujaribu hivyo hapa, tuone kama mtaacha kupigana ngumi."

Wakajaribu. Waliandika katiba, wakaipigia kura, wakaibandika ukutani. Mkuyuni wakawa na baraza lao, na Korongoni lao. Nyimbo za asubuhi, michezo na chakula vikawa mambo ya kila upande. Maji, usafi na matumizi ya jiko vikawa mambo ya Baraza la Pamoja. Wajumbe wa baraza hilo walikuwa sawa kwa sawa, ingawa Korongoni ndio waliokuwa wengi shuleni, ili upande mdogo usimezwe. Mabishano kuhusu katiba yangeamuliwa na Kamati ya Usuluhishi, yaani mwalimu na mwanafunzi mmoja kutoka kila upande. Bernadina akachaguliwa mwenyekiti wa Baraza la Pamoja.

Cheo ni kitu kitamu, nacho kilimkolea. Angeweza kuliomba baraza la Mkuyuni lipike makande yake lenyewe. Lakini Ijumaa aliyoitamani ilikuwa ya shule nzima, na hakutaka nusu. Tena alijua wajumbe wa Korongoni wangekataa, kwa hiyo hakungoja kikao cha kawaida cha Alhamisi. Aliitisha kikao cha dharura siku ya Ijumaa saa saba mchana, wakati wajumbe wengi wa Korongoni, watoto wa wafanyabiashara wa mjini, wako msikitini. Wajumbe wa Mkuyuni wakanyoosha mikono, wawili wa Korongoni waliokuwepo wakabaki wakitazamana. Hoja ikapita: kila mwanafunzi alete mahindi au maharage, na makande yaliwe Ijumaa saa saba.

Jumatatu Anifa, msemaji wa baraza la Korongoni, alimkuta Bernadina bombani.

"Mambo, mwenyekiti."

"Poa."

"Kwetu si poa. Baba anauza vitambaa, shamba hatuna. Tena saa saba mimi niko msikitini. Hayo makande nitakula na nani?"

"Baraza limeshapitisha."

"Lilipitisha nikiwa msikitini vilevile," Anifa alisema taratibu. "Ulijua, Bernadina."

Bernadina aliinamia ndoo yake kana kwamba haijajaa, na maji yalikuwa yanamwagika miguuni. Anifa akapeleka malalamiko kwenye Kamati. Huku nyuma wanafunzi wengi wa Korongoni walianza kusema katiba ichanwe, baraza libaki moja tu, na wenye wingi waamue kila kitu. Wimbo wa asubuhi wa Mkuyuni ungekuwa wa kwanza kufutwa. Bernadina alisikia hayo, na usiku usingizi ukamkimbia. Kwa kuitaka Ijumaa yake, alikuwa karibu kuwapotezea wenzake hata kile kidogo kilichobaki cha Mkuyuni.

Kamati haikuchukua muda. Chakula ni jambo la kila upande, Baraza la Pamoja halina mamlaka nacho, uamuzi umebatilishwa. Hata mwanafunzi wa Mkuyuni aliyekuwa kwenye Kamati alikubali.

Bernadina alimfuata Mwalimu Venance uani huku machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, katiba imenikatalia kitu kizuri."

"Imekukatalia kukilazimisha," mwalimu akajibu. "Hebu niambie, Korongoni ni wengi kuliko ninyi. Ni nini kinachowazuia wasiufute wimbo wenu kesho?"

Bernadina alifikiri. "Kifungu hichohicho kilichonikatalia," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi usikitoboe wewe mwenyewe. Ijumaa yenu hamhitaji kumwomba mtu, ni mali yenu. Jiko ndilo la wote, hilo mtaomba."

Alhamisi Bernadina alisimama mbele ya wajumbe wote. "Kile kikao nilikiitisha saa saba kwa makusudi," alisema. "Nilitaka msiwepo. Nimekosa, naomba mnisamehe. Kama mnataka mwenyekiti mwingine, nitatoka." Kisha akaeleza kwamba baraza la Mkuyuni limeamua kupika makande yake, nalo linaomba jiko kwa siku ya Ijumaa.

Anifa ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. "Jiko tuwape," alisema. "Na mwenyekiti abaki, ila vikao vya Ijumaa tumevichoka." Wakacheka, hasira ikapungua.

Ijumaa sufuria ilichemka tangu asubuhi. Saa saba Bernadina alishika upawa. Alipofikia sahani ya kwanza alishindwa kuona vizuri kwa machozi. Hapa hapakuwa Mkuyuni. Alikuwa na hamu na jiko lile bovu la kwao, na hamu hiyo haikuisha kwa kupakua. Hata hivyo alipakua.

Baada ya swala, Anifa na wenzake walirudi wakasimama mlangoni.

"Wageni wanakaribishwa, au mpaka mpige kura?"

"Karibuni, bado yapo," Bernadina akasema, akasogeza sahani.

Mwalimu Venance aliwatazama wakila. "Mmeona," alisema. "Kila upande una lake, na yapo ya wote. Mkiheshimu mpaka huo, mnaweza kuishi nyumba moja bila mmoja kummeza mwenzake. Na mwenye madaraka akumbuke kwamba hata hamu njema haimpi ruhusa ya kuruka katiba."

Mosi, mtoto wa Mkuyuni wa darasa la kwanza aliyeanza shule baada ya wenzake kuhamishiwa Korongoni, alimvuta Bernadina sketi. Mkuyuni yeye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja.

"Dada, huko Mkuyuni mlikuwa mnakula hivi?"

"Hivihivi."

"Tukirudi, nani atatupakulia?"

Bernadina alipiga magoti, akamfuta mdomo kwa kiganja. "Mtapakuliana wenyewe," alisema. "Na siku ukifika la saba, wewe anza na wadogo."

Mosi akaitikia kwa kichwa, akanyanyua sahani yake iliyobaki nusu, akaenda kumpa mwenzake aliyekuwa bado kwenye foleni.