Beleshi Ndani ya Gari la Dizeli

Theluji ya kwanza ilipoanguka, gari lilianza kunuka makaa ya mawe. Na gari lenyewe halikuwa na tanuri. Lilikuwa gari la reli la dizeli, jekundu lenye mkanda wa rangi ya maziwa, la kwanza kupanda njia ile ya milima ya Harz, Ujerumani: injini imekalia magurudumu ya mbele, inazungusha jenereta, na umeme wake ndio unaosukuma gari. Lilikuwa na chumba cha dereva kila mwisho, mbele na nyuma, halikuhitaji kugeuzwa kituoni. Tena liliendeshwa na mtu mmoja, na hapo ndipo wakubwa walipolipendea.

"Kaka Alwin, siku hizi unavuta tumbaku ya kuokota?" kondakta Emmerich alimtania dereva. "Abiria wa nyuma wanakohoa kama mbuzi."

Alwin Petzold hakucheka. Miaka mingi aliendesha gari moshi pamoja na Heino Kracht, yeye akiangalia njia, Heino akilisha moto makaa, na chakula wakila pamoja. Gari jipya lilipokuja, wakubwa walimuuliza, Heino mwenyewe akiwa amesimama pale, kama atahitaji msaidizi. Alwin akatazama viatu vyake. "Hapana," akasema. "Mmoja anatosha." Heino akaachishwa kazi, na kabla ya baridi kuingia wakamkuta amekufa maji bwawani. Alwin hakwenda mazikoni. Alisingizia homa.

Baada ya harufu ikaja sauti. Kwaa... kwaa... Beleshi lilikuwa likikwangua chuma ndani ya chumba cha nyuma, nacho kimefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa Alwin.

"Mna mtu mle," Emmerich alinong'ona, utani umemwisha. "Nimechungulia kiooni. Amenipa mgongo. Anachuruzika maji, bwana, na bado anachota."

"Anachota nini?"

"Hakuna kitu. Anachota hewa."

"Umelewa wewe!" Alwin akapaza sauti ili abiria wasikie. Emmerich akarudi kukata tiketi, na uso wa Alwin ukawaka kwa aibu.

Alasiri moja walikuwa wakiteremka bondeni. Dereva wa gari lile hukanyaga pedeli safari nzima, ili akizimia, mguu ukilegea, gari lijifunge breki lenyewe. Alwin alivuta breki, ikakataa. Akainua mguu kutoka kwenye pedeli, akangoja gari lishike, lakini gari halikushika, bali liliongeza mwendo, miti ikipita kama watu wanaokimbia, kina mama wakikumbatia vikapu vyao, na huko nyuma beleshi likienda mbio, kwaa kwaa kwaa, na maji meusi yakitambaa chini ya mlango kufuata njia ya katikati ya viti hadi yakagusa kisigino chake, naye akajua kwamba mguu mwingine ulikuwa umekanyaga pedeli ile nyingine, ya chumba cha nyuma.

"Heino!" alipiga kelele. "Nilikuuza! Kazi ilikuwa ya watu wawili, nami nilijua! Niliogopa wasinichukue!"

Beleshi likanyamaza. Gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya theluji. Abiria wote walimwangalia. Alitamani afadhali wangemtukana.

Jioni hiyo alibisha kwa Gesine, mjane wa Heino. Alimkuta akimenya viazi.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Homa imepona?"

Alwin akavua kofia. Akamweleza yote.

Kesho yake Gesine alipanda gari na koti kavu mkononi. Akagonga mlango wa nyuma. "Wewe mzee, hebu shuka. Watu wana safari zao. Twende nyumbani."

Nyayo za maji zikateremka ngazini, zikakata theluji sambamba na zake. Ile harufu ikaondoka nazo.

Jumapili Alwin alikutana na Gesine nje ya kanisa. Akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Ametulia?"

"Ametulia, shemeji. Tatizo ni chakula, hagusi." Gesine akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. "Anasema hawezi kula peke yake, anakungoja wewe. Usimweke sana."