Neno Kwenye Chupa ya Dobi

Kila siku akirudi shuleni, Redio alikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kula, na kumsomea mama yake chochote kilichoandikwa. Jina la Redio alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu akianza kusoma kwa sauti hasimami. Nukta anazipita, mikato anaipita, na maneno magumu anayapita mbio kama mtu anayepita penye mbwa. Wenzake walimpigia makofi, naye akavimba kichwa kidogo. Si kidogo sana, tuseme ukweli.

Mama yake alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilijaa mabeseni, kamba za kuanikia na meza ndefu ya kupigia pasi. Mama aliacha shule mapema; herufi alizijua, lakini maandishi madogo yalimtoa jasho, kwa hiyo karatasi za wateja na vibandiko vya chupa alimwachia binti yake.

Ijumaa moja alikuwa na gauni jeupe la mkunga. Kesho yake mkunga huyo angeagwa kazini baada ya miaka thelathini, na alitaka kuagwa akiwa amelivaa gauni hilo. Lilikuwa limeshafuliwa, ila doa dogo la wino chini ya mfuko wa kifuani lilikuwa limegoma kutoka. Dawa ya madoa ambayo mama aliizoea, ile ya kumimina tu, haikuwepo dukani, hivyo alinunua ya aina nyingine.

"Hebu nisomee hii," mama alisema, akimpa chupa.

Redio alikuwa na haraka. Wenzake walikuwa wanamngoja nje waruke kamba. "Zimua kabla ya kutumia," alisoma kwa ile sauti yake ya darasani.

"Kuzimua ndiyo kufanya nini?"

Hakujua. Lakini Redio aseme hajui? Afadhali ameze sabuni. Akakumbuka chupa za dawa ya kikohozi, jinsi zinavyoagiza zitikiswe kabla ya kutumia.

"Ni kutikisa, mama."

"Kumbe. Na haya mengine hapa chini?"

"Ni yale yale tu," alijibu, na tayari alikuwa ameshafika mlangoni.

Aliporudi, alimkuta mama ameinamia meza. Pale palipokuwa na doa la wino sasa palikuwa na baka la manjano, pana kama vidole vitatu, na kitambaa kimekuwa chepesi kiasi cha kuonyesha meza iliyo chini yake.

"Nimetikisa mpaka mkono umeniuma," mama alisema. "Yule mwenye duka ameniuzia dawa mbovu. Twende."

Njia nzima Redio alitembea nyuma ya mama yake. Lile neno lilikuwa limeanza kumrudia kichwani.

Dukani walikuwepo wateja wawili. Mama hakungoja zamu. Aliiweka chupa mezani, akamwambia mwenye duka kwamba dawa yake imeharibu nguo ya watu, na kwamba yeye si mtu wa kufanyiwa mchezo. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza chupa na kusoma kibandiko.

"Pole, dada. Kwani maji uliongeza kiasi gani?"

"Maji gani?"

"Mbona yameandikwa hapa."

Mteja mmoja aliangua kicheko. "Leo dobi kasahau maji," alisema, na mwenzake akacheka pia.

Mama alimtazama binti yake, mara moja tu. Kisha akaichukua chupa. "Basi nimesahau mimi," alimwambia mwenye duka. "Nisamehe, kaka. Nimekuja na maneno makali."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama aliyekuwa akifua nguo kabla yeye hajazaliwa alikuwa amechekwa mbele ya watu kwa kosa lisilo lake, tena amelibeba bila kunung'unika.

Walipofika nyumbani, machozi yalimtoka hata kabla ya maneno. "Mama, si wewe. Ni mimi. Lile neno sikulijua, nikabuni tu. Na yale ya chini sikuyasoma."

"Nilijua tangu tukiwa dukani," mama alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kwa nini hukusema hujui?"

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa naona aibu zaidi."

Mama hakufoka. Redio aliona afadhali angefoka. Badala yake alivuta shati kutoka kwenye rundo la nguo chafu na kumwonyesha doa. "Hili ni doa la nini?"

"Sijui."

"Hata mimi, nikilitazama lenyewe tu, silijui. Lakini liko wapi?"

"Kwenye mkono wa kulia, karibu na kifungo."

"Shati la nani?"

"La fundi baiskeli."

"Na limezungukwa na nini?"

Redio aliinama. "Alama za vidole. Nyeusi." Akafikiri. "Ni grisi."

"Umeona. Ungeniambia ni chai kwa sababu juzi tulikuta doa la chai, ningelitia dawa isiyo yake. Sasa chukua chupa usome. Polepole, mpaka mwisho."

Redio alisoma huku akifuata kwa kidole. "Zimua kabla ya kutumia. Kifuniko kimoja cha dawa kinatosha ndoo moja ya maji. Dawa isiyozimuliwa hubabua kitambaa." Akarudia tena. Dawa kidogo, maji ndoo nzima. "Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji," alisema. "Na kubabua..." Aliliangalia gauni, akashindwa kumalizia.

"Hilo hata mimi naliona," mama alisema. "Likunje vizuri. Utalipeleka wewe, na utasema wewe. Mimi nitasimama pembeni yako."

Mkunga aliwakaribisha kwa furaha, lakini aliposikia habari, furaha ikamtoka usoni. Alipitisha kidole juu ya lile baka kwa muda mrefu, na Redio akabaki anatazama vidole vya miguu yake.

"Nimeumia, binti," mkunga alisema mwishowe. "Nguo hii nilitaka kesho iwe nzima." Akamgeukia mama. "Fundi cherehani akiushusha huu mfuko kidogo, si utapafunika?"

"Utapafunika. Nitampelekea sasa hivi, na kabla usiku haujaingia utakuwa nalo."

Mkunga alimwita Redio karibu. "Miaka yote hii, bado nakutana na maneno nisiyoyajua kwenye karatasi za wagonjwa. Nasoma karatasi yote nione linakaa na maneno gani. Nisipolipata hapo, namuuliza daktari. Nikibuni, anayeumia si mimi, ni mgonjwa. Neno usilolijua si aibu, mwanangu. Aibu ni kumpa mwenzako jibu ambalo huna."

Fundi aliushusha mfuko, na kesho yake mkunga aliagwa akiwa ndani ya gauni lake.

Jumatatu, darasani, mwalimu alimwita Redio asome kama kawaida. Alianza vizuri. Kwenye mstari wa nne alikutana na neno ambalo hajawahi kuliona, akasimama. Darasa zima liligeuka kumtazama.

"Mwalimu, neno hili silijui," alisema. "Naomba nisome mpaka mwisho wa aya, labda nitalielewa."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, na uso wa Redio ukawaka moto.

"Soma," mwalimu alisema, akivuta kiti. "Tunakungoja."