Asubuhi ya Kugawana Kamera

Jumamosi mbele ya ofisi ya komini ya Kampemba, zinakofungwa ndoa za serikali, magari ya harusi yalijaa hadi barabarani, kila moja na riboni zake, na honi zililia kana kwamba anayepiga zaidi ndiye atakayefungishwa ndoa kwanza. Bibi harusi mmoja alikuwa juu ya ngazi, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, wakati flashi ya mpiga picha wake ilipozimika.

Mpiga picha huyo alikuwa msichana, Victorine Katongo wa Kasungami. Alivaa suruali nyeusi na blauzi ya kitenge cha manjano, raba zake nyeupe zimeshika vumbi jekundu. Aliipiga flashi kwa kiganja. Wapi.

"Batri imekufa, mama," sauti ilisema nyuma yake. "Ingine hauna?"

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye koti la kijivu alisimama pale, kamera mbili zikining'inia mabegani. Liévin Kasonde wa Bel-Air, naye alikuwa akingojea maharusi wake kwenye foleni ile ile.

"Weye unaniuliza maulizo, na bibi harusi anashuka!"

Liévin alicheka, akachomoa flashi yake na kuichomeka juu ya kamera ya msichana. "Kamata. Utanirudishia kisha."

Alirudishiwa alasiri, pamoja na namba ya simu.

"Harusi hairudiwake," Liévin alimwambia wakinywa soda kibandani. "Batri mbili, kadi mbili, apareyi mbili." Akazigonga kamera zake mabegani.

"Na bibi pia mbili?"

"Apana. Bibi njo moja tu."

Victorine alicheka mpaka soda ikampalia.

Mvua zilipoanza walikuwa tayari wanafanya kazi pamoja. Kila Ijumaa jioni walitandika mkeka sebuleni kwa mama yake Liévin, wakamwaga vifaa vyote na kuchagua vya kesho. Umeme ulipokatika, walipeleka betri kwa jirani mwenye jenereta. Liévin alitaka lenzi ndefu, ili ashike machozi ya wazazi kutoka mbali bila kumkera padri. Victorine alitaka ile fupi, waliyoinunua pamoja, iliyozipenda nyuso hata kwenye mwanga mdogo wa ukumbi. Yeye pia ndiye aliyetia kwenye begi mifuko ya plastiki kwa ajili ya mvua, na sindano na uzi, kwa sababu gauni la bibi harusi halikosi kuchanika.

"Unabeba duka mzima, chérie," Liévin alimtania.

"Na weye unabeba mudomo tu."

Kabla mvua hazijaisha walikuwa wapenzi, wakaenda kwa padri kusema wanataka kuoana. Padri aliwapongeza, akawashauri wapime damu kwanza. Siku ya majibu Liévin alikuwa Likasi kwenye harusi, kwa hiyo Victorine alikwenda maabara peke yake kuchukua karatasi zao zote mbili.

Ijumaa iliyofuata hakutokea. Liévin alimpigia simu.

"Mupenzi, uko wapi? Batri zimejaa, weye njo unakosekana."

"Sitakuya, Liévin."

"Uko mugonjwa?"

"Apana. Tumika kazi ya kesho peke yako kwanza."

"Na majibu ya damu?"

"Tutasema siku ingine." Akakata.

Wiki zikapita hivyo. Kisha Liévin alimwona mwenyewe, kwenye ukumbi mmoja wa mjini, ameshika taa ya Alexis, mpiga picha mwenye studio kubwa. Alexis alisema kitu, Victorine akacheka. Liévin alitoka nje, akampigia simu.

"Nakuona na Alexis. Ananipita apareyi, njo maana unaniacha?"

"Fikiri vile unapenda," Victorine alisema. Alimwacha aamini hivyo. Aliona ni afadhali Liévin amchukie.

Jumamosi moja asubuhi Victorine alifika Bel-Air kuchukua vifaa vyake. Alivaa kikwembe cha bluu, kitambaa kichwani, masikio bila hereni, na alikuwa amekonda. Mama yake Liévin alikuwa sokoni. Wakatandika mkeka kama zamani, lakini safari hii mabegi yalikuwa mawili. Betri huku, betri kule. Kadi huku, kadi kule. Mwisho ikabaki ile lenzi fupi, katikati ya mkeka.

"Kamata," Victorine alisema.

"Kamata weye. Ao Alexis amekupa ingine ya kupita hii?"

Victorine alikaa chini, uso mikononi.

"Kwa Alexis natumika kazi tu, Liévin. Hakuna kitu. Ni damu."

"Damu gani?"

"Majibu ya labo. Siye babili tunabeba drepano. Weye na miye."

Drepano, ugonjwa wa selimundu, Liévin aliujua. Abigaïl, mdogo wake Victorine, alikufa nao. Wenye kuubeba ni wazima kama yeyote, ila wakioana wawili, mtoto anaweza kuzaliwa nao, na maumivu yake kwenye mifupa hayana jina.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ungesema haina kitu."

"Haina kitu! Tutaishi bila kuzaa. Tutalea mutoto wa bengine."

"Weye mutoto mumoja tu wa mama yako, leo unasema vile, kesho je?" Alipangusa macho kwa pindo la kikwembe. "Yote nimeifikiri. Lakini nikiishi na weye, nitapenda kuzaa na weye. Najijua. Njo inaniogopesha. Abigaïl nilimubebaka mugongoni mpaka ku hopitali, anajishika miguu, analia: yaya, dada yangu, vunja mikulu yangu, inauma. Yaya, vunja. Sitaweza kusikia ile sauti tena, Liévin. Hata kwa weye."

Liévin alipiga magoti juu ya mkeka. "Unisamehe ya Alexis."

"Njo miye nilikuacha uamini."

Wakakumbatiana, wakalia pamoja kwa sauti, kama watu wa msiba. Liévin alitafuta neno la kumzuia. Kila alilolipata lilikuwa la kujihurumia yeye mwenyewe, akalimeza. Kisha alichukua lenzi fupi, akaifunga kwa kitambaa, akaitia kwenye begi la Victorine. Victorine aliitoa. Liévin akairudisha, akafunga zipu na kuweka mkono juu yake mpaka Victorine akaacha kubisha.

Alimbebea begi hadi barabarani. Pikipiki ya kwenda Kasungami ilisimama.

"Usiniite kwa simu," Victorine alisema. "Ukiniita, nitarudia kwako."

Pikipiki iliondoka. Liévin alirudi ndani, akavaa koti, kwa kuwa watu walikuwa wanamngojea kanisani.

Baada ya misa bibi harusi aliangaza macho. "Na ule dada mwenye munatumikaka naye kazi?"

"Leo yeye iko fasi ingine," Liévin alisema.

Akainua kamera. Maharusi walisimama wakiachiana nafasi, wakionea haya wazee.

"Mukaribiane kidogo," aliwaambia. "Tena kidogo. Tena."