Punguzo la Mwalimu Bila Doa

Asubuhi ile ya mapumziko ua mzima ulinukia sabuni. Mwalimu wa udereva alikuwa amechuchumaa, kitambaa mkononi, akisugua rimu za gari lake kuukuu, ambalo kwa kung'aa ungeweza kulifanya kioo ukanyolea ndevu. Kando yake lilisimama gari dogo la buluu, gari la pili la nyumba hiyo, ambalo ndiyo kwanza limenunuliwa. Mkewe, mkunga wa mtaa, alilizunguka akilipapasa bodi na kucheka peke yake kama mwari aliyeposwa. Binti yao mjamzito alikuwa ameketi kizingitini, miguu iliyovimba imo ndani ya beseni la maji.

"Mama, hilo sasa ndilo litakalokuleta kwangu siku yangu ikifika," alisema binti.

"Nitafika kabla ya uchungu wenyewe," alijibu mkunga, akainua mikono yake miwili juu. "Mjukuu wangu hataguswa na mtu kabla ya mikono hii. Hata daktari bingwa atasubiri foleni."

Yashikeni maneno hayo, ndugu zangu. Mikono ile ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto wa mtaa huo, na ndiyo iliyokuwa rehani asubuhi hiyo pasipo mwenyewe kujua.

Mwalimu hakusikia. Alikuwa anasugua. Mtaani walimwita Bila Doa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mwanafunzi mpya aliyekaa nyuma ya usukani alianza kwa kuhubiriwa: "Mimi unayeniona, tangu niwe na gari sijawahi kuidai bima hata taa. Kampuni yenyewe inanijua. Punguzo langu la kutodai limefika juu kabisa, pale ambapo haliwezi kupanda tena." Wanafunzi waliitikia kwa kichwa kwa heshima. Wengine hawakujua bima ni nini, ila waliitikia.

Siku hiyo hiyo akaja shemeji yake, kaka wa mkunga, wakala wa bima, kulikatia bima lile gari la buluu. Aliwekewa kiti kivulini, akafungua mkoba wake.

"Bima kubwa, ya kulipia gari na dereva?"

"Kubwa," alisema Bila Doa. "Na punguzo langu liingie humo humo."

"Pole pole, shem. Punguzo lako ni la gari lile kuukuu. Hili linaanza sifuri. Kampuni inakubali kulipatia gari la pili punguzo hilo, lakini dereva wake mkuu awe wewe uliyeijenga hiyo rekodi. Akiwa dada, ataanza na jina lake mwenyewe. Mwakani asipodai ataanza kupata lake, kidogo kidogo."

"Aanze sifuri, mke wa Bila Doa? Andika mimi."

"Utaliendesha wewe?"

"Nitaliendesha."

"Lini?"

"Siku nikipenda! Wewe wakala au hakimu?"

Mkunga alikuja na maji ya kunywa. "Si uandike ukweli, kaka? Linaendeshwa na mimi. Na andika kwamba nalitumia kazini."

"Mama, hayo ni mambo ya bima," mumewe alimkata. "Wewe kazi yako endesha."

Wakala alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akakuna kidevu. "Mimi naandika unachoniambia, shem. Ila hili gari likipatwa na la kupatwa, mkaguzi hatakuja kuniuliza mimi. Atauliza majirani."

Bila Doa alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Kupatwa! Katika nyumba yake!

Basi gari la buluu likaanza kazi. Kila mtu alilijua. Likipita, kina mama waliokuwa wakianika nguo walipunga mkono, na watoto walilikimbilia nyuma wakiita, "Mkunga! Mkunga!" Mwalimu hakuligusa isipokuwa kwa kitambaa.

Haukupita muda mrefu, mkunga alipokuwa akilikwepa toroli la mchota maji, tairi la mbele likatumbukia mtaroni. Hakuumia. Lilipovutwa nje, taa ilikuwa imepasuka, bampa limening'inia, na usukani unavuta kushoto kama ng'ombe mkaidi.

"Nampigia kaka," alisema alipofika nyumbani. "Bima itengeneze."

"Unampigia nani?" Bila Doa alisimama mlangoni kama askari. "Unataka mkaguzi aje hapa aulize nani alikuwa anaendesha? Unataka miaka yangu yote ifutwe kwa sababu ya mtaro?"

"Kwani kudai mara moja kunafuta yote?"

"Kunashusha!"

"Basi lishuke! Lishuke, lipande tena. Mume wangu, umenunua mwavuli, sasa mvua inanyesha wewe unauficha kwapani usilowe!"

Binti aliangua kicheko. Baba yake hakucheka. Yaliyomwingia kichwani hayakuwa mambo ya fedha peke yake, na hapa ndipo ninapowasihi msikilize. Aliona wanafunzi wake wakinong'onezana. Aliona jina lake, lile jina la kujipachika, likipata doa. Akalichukua gari mwenyewe mpaka kwa fundi wa bodi wa kichochoroni.

Fundi alilala chini ya gari, akatoka na grisi kwenye paji la uso.

"Mwalimu, taa na bampa si neno. Neno ni rodi ya usukani. Imepinda na ina ufa; ikikatika, usukani haugeuzi tena magurudumu. Inatolewa, inawekwa mpya."

"Chomelea."

"Rodi ya usukani haichomelewi, Mwalimu. Wewe ndiye ungenifundisha mimi hilo. Na si una bima kubwa? Waachie wao."

"Nimesema chomelea, nyoosha, paka rangi. Au niende kwa mwenzako?"

Fundi ana watoto, na siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Alivaa miwani yake ya kuchomelea.

Gari likarudi nyumbani linang'aa. Mkunga alilizunguka, safari hii bila kucheka.

"Wameweka rodi mpya?" aliuliza.

"Limepona," alijibu mumewe.

Angalieni jibu hilo. Mwalimu wa udereva, mtu anayewafokea vijana wa watu kwa kusahau kutazama kioo, alimkabidhi mke wake ufunguo wa gari analojua kwamba usukani wake umeshikwa na kiraka! Nami nisimwonee: alikusudia kweli kununua rodi mpya baadaye, mambo yakitulia. Kila alipolisikia gari likitoka uani, aliacha kusugua, akasikiliza. Kisha lilirudi, naye akaendelea kusugua, na baadaye ikawa baadaye.

Mchana mmoja mkunga aliitwa kwa mzazi ng'ambo ya mteremko. Katikati ya mteremko kiraka kiliachia. Usukani ulizunguka mikononi mwake bure, kama mfuniko wa sufuria. Alikanyaga breki, gari likayumba, likaubamiza ukuta kwa upande wa dereva. Mlango ulibonyea ndani ukaukamata mkono wake wa kulia, na watu walihangaika sana na nondo mpaka wakautoa.

Hospitalini daktari aliwaeleza baba na binti bila kuzunguka. "Mifupa itaunga. Shida ni kano za vidole. Kuna upasuaji wa kuziunganisha, haufanyiki hapa, na ni ghali. Lakini ukifanyika mapema mkono utarudi kazini. Ukichelewa, kano zitajikunja, na zikishajikunja haziamki."

"Bima yetu kubwa inamlipia na dereva," alisema Bila Doa haraka. "Tutadai." Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kulitamka neno hilo pasipo 'sijawahi' mbele yake.

Mkaguzi wa kampuni alikuja mtaani, kijana mpole mwenye viatu safi. Alitazama chuma kilichokatika, akaona alama ya kuchomelea. Kisha akapita kwa majirani. Nao, masikini, kwa mapenzi, walisema yote. "Gari hili? La mkunga wetu! Kila siku yumo humo. Mumewe? Hatujamwona akiliendesha. Mkunga hata alipoingia mtaroni siku ile hakulala, kesho yake alikuwa kazini!" Kila aliyemsifu alimkata kidole kimoja, naye hajui.

Wakala alikuja kwa dada yake bila mkoba. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Wamekataa," alisema. "Dereva mkuu wa uongo, na ajali ya kwanza ilifichwa. Lile gari la buluu ni kama halikuwahi kuwa na bima."

"Shem, tuseme siku hiyo aliliazima tu," alijaribu Bila Doa.

"Mtaa mzima umeshasema. Na mimi nilikuandikia huku najua. Kazi nimeshapoteza." Akamgeukia mkunga. "Dada, nisamehe."

Mkunga alimtazama mumewe. "Hivi ungedai ile siku ya mtaro, punguzo lingeshuka kiasi gani?"

Wakala ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Ngazi moja, dada. Na la gari hili tu. La lile kuukuu lisingeguswa kabisa."

Bila Doa alihangaika kutafuta mnunuzi wa gari kuukuu, akahangaika kwa ndugu, lakini siku zilikuwa zimekwenda wakiisubiri kampuni. Alipopata kwa ndugu cha kuanzia, gari likiwa bado halijauzwa, daktari aliushika ule mkono, akajaribu kuvikunjua vidole, akasema, "Zimeshajikunja."

Binti alijifungulia hospitali, mikononi mwa mtu asiyemjua. Mtoto alipoletwa nyumbani, bibi yake aliwekewa mapajani, akamzungushia mkono wa kushoto. Ule wa kulia uliuficha ndani ya khanga.

"Mpokee vizuri, mama," binti alisema huku analia.

"Wameshampokea wengine," alisema mkunga.

Hapo simu ya Bila Doa ikalia mezani. Alikuwa mbali kidogo, ameshika chupa ya maji moto. Mkewe aliinama akausoma ujumbe, kisha akausoma tena kwa sauti, neno kwa neno, ili wote wasikie:

"Mteja wetu mpendwa, hongera kwa mwaka mwingine bila dai. Punguzo la gari lako la kwanza limebaki pale pale juu."

Akaisukuma simu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa mumewe.

"Hongera, Mwalimu," alisema. "Umebaki pale pale."

FUNZO

Ndugu zangu, punguzo ni bei iliyopunguzwa, basi. Si nishani, si cheti cha utu, na hakuna atakayezikwa nalo. Ukikata bima ya gari la pili, mtaje anayeliendesha kweli, hata kama jina lake linaanza sifuri; sifuri ya kweli ingemlipia mkunga upasuaji, na rekodi ya kuazima haikumlipia hata bandeji. Gari likigongwa, semeni. Likipinda, wekeni chuma kipya. Nanyi waume mnaowaambia wake zenu "hayo ni mambo ya bima," jueni kwamba mwili utakaokaa nyuma ya ule usukani ni wa kwao. Mtu aliyeogopa doa kwenye jina lake, leo hufunga vifungo vya nguo ya mke wake kila asubuhi, kwa sababu mke mwenyewe hawezi tena. Rekodi yake ni safi. Nendeni mkamuulize kama anaweza kuitazama.