Upande wa Juu wa Pazia

Lifti ya hospitali ilikwama saa nne asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni. Fundi alipoubandua mlango, akatoka muuguzi wa dawa za usingizi wa chumba cha upasuaji, mtungi wa oksijeni mkononi, sare ya kijani imelowa jasho.

"Pole, mama."

"Mama wa nani? Ungechelewa kidogo ungenikuta bibi!"

Fundi alicheka hadi akaangusha bisibisi. Mwezi haukwisha, wakawa hawalali bila kupigiana simu. Baadaye Fundi akampeleka muuguzi nyumbani kwa baba yake, mwalimu mstaafu mwenye heshima zake, naye akampokea kama binti. Siku ya posa ikapangwa.

Ndipo tezi dume ikambana mzee, akawa hakojoi bila mpira. Upasuaji haukuepukika, na moyo wake nao ulikuwa unaruka mapigo.

"Laazizi," Fundi alipiga simu, "wewe ndiye unayeiangalia mashine ya moyo. Ingia naye."

"Baba mkwe anapasuliwa tezi dume, nami niwe humo? Una wazimu? Wenzangu wapo."

"Wenzako hawampendi. Utavaa barakoa, hatakujua. Nakuomba, mpenzi."

Mapenzi, bwana! Akabadilishana zamu.

Mzee alichomwa ganzi ya mgongo, akabaki macho. Pazia lilifungwa kifuani pake: daktari upande wa miguu, muuguzi kichwani na mashine yake, kimya kama bubu. Dakika ya arobaini mapigo yakavurugika, presha ikaporomoka.

"Daktari, simama!" Akasukuma dawa mshipani. "Baba, kifua kinabana? Nijibu, baba!"

Mzee akageuza shingo. Sauti ile iliwahi kumwamkia sebuleni kwake.

"Mkwe?" Akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni. Muuguzi hakuondoka. Alimshika kiganja mpaka mapigo yakatulia.

Mzee alipona. Fundi hakupiga simu wiki nzima, kisha akaja, akasimama kando ya lifti.

"Baba anasema hawezi kukaa meza moja na mkwe aliyemwona vile. Posa imevunjwa."

"Aliniona nikivuka pazia? Mimi niliona uso wake na moyo wake tu!"

"Nilimwambia. Anasema aibu ni ileile."

"Na ulimwambia nani aliyeniomba niingie?"

Fundi akabonyeza kitufe cha kuita lifti.

"Nakuuliza, mpenzi."

"Anadhani ulipangwa zamu... Nikimwambia ni mimi, atanifukuza. Moyo wake je?"

Kumbe mwanamume aliyembandulia mlango wa chuma alishindwa kufungua mdomo.

"Moyo wake mzima. Niliulinda mwenyewe," alisema. "Wangu nilikupa wewe uulinde."

Lifti ikafunguka. Akaingia, akabonyeza ghorofa ya upasuaji. Mgonjwa mwingine alikuwa akimsubiri.